Uvimbe wa neva ya uso uliofichwa na ugonjwa sugu wa sikio

Uvimbe wa neva ya uso ni ukuaji usio wa kawaida wa seli ndani ya neva ya uso au kwenye tishu zinazoizunguka. Mara nyingi uvimbe huo si saratani: hukua polepole kwa miaka na hausambai mwilini. Hata hivyo unaweza kuharibu neva, kupooza upande mmoja wa uso na kupunguza uwezo wa kusikia.

Uvimbe huu ni nadra. Kinyume chake, ugonjwa sugu wa sikio la kati, yaani sikio linalotoka usaha kwa miezi au miaka, ni wa kawaida, hasa katika nchi zenye kipato kidogo. Mtu akiwa na yote mawili, ugonjwa wa kawaida huuficha ule wa nadra. Kupooza kwa uso, kutosikia vizuri na nyama inayoonekana ndani ya sikio huhesabiwa kuwa matokeo ya usaha, na uchunguzi huishia hapo. Kuchelewa huko kuna hasara kubwa, kwa sababu misuli ya uso iliyokaa muda mrefu bila neva hunyauka na haiwezi tena kurudishiwa mwendo wake.

## Neva ya uso na njia yake

Neva ya uso ni ya saba kati ya jozi 12 za neva za fuvu. Inaanzia kwenye shina la ubongo, inaingia katika mfupa wa panja (mfupa wa fuvu unaobeba sikio) ikiwa pamoja na neva ya kusikia, kisha inapita katika mfereji mwembamba wa mfupa mpaka inapotokea chini ya sikio. Mfereji huo huitwa mfereji wa Falloppio, kutokana na jina la Gabriele Falloppio, mtaalamu wa anatomia wa Italia katika karne ya 16. Urefu wake ni takriban sentimita 3.

Ndani ya mfupa neva ina sehemu tatu:

* Sehemu ya labirinthi, iliyo fupi na nyembamba kuliko zote, yenye urefu wa milimita 3 hadi 5. Mwisho wake neva hujikunja kwenye kifundo kiitwacho ganglioni ya jenikulati.
* Sehemu ya sikio la kati, inayopita juu ya kikuku, kifupa cha mwisho kati ya vifupa vitatu vya kusikia. Hapa ukuta wa mfupa unaofunika neva ni mwembamba sana, na kwa watu wengi una nafasi zilizo wazi tangu kuzaliwa.
* Sehemu ya mastoidi, inayoshuka nyuma ya tundu la sikio hadi nje ya fuvu.

Baada ya kutoka kwenye mfupa, neva huingia katika tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio na kugawanyika katika matawi makuu matano yanayofika kwenye paji, jicho, shavu, taya na shingo.

Neva ina nyuzi zipatazo 10,000, na takriban 7,000 kati yake ni za kuendesha misuli ya uso. Nyuzi nyingine huongoza machozi na mate, huleta ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi, na huendesha msuli mdogo unaokaza kikuku ili kulikinga sikio dhidi ya sauti kubwa.

Njia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini magonjwa ya sikio na ya neva ya uso huchanganywa. Uvimbe wa neva ukikua ndani ya sikio la kati hukutana na vifupa vya kusikia na kiwambo cha sikio. Usaha ukila mfupa wa sikio la kati hukutana na neva.

## Aina za uvimbe

Shwanoma ndiyo aina inayopatikana zaidi kati ya zile zinazoanzia kwenye neva yenyewe. Hutokana na seli za Schwann zinazofunika nyuzi za neva, na huweza kutokea mahali popote katika njia yake, ingawa eneo la ganglioni ya jenikulati huathiriwa mara nyingi. Mara kwa mara hushika sehemu zaidi ya moja, ikifuata mfereji kama shanga katika uzi.

Hemanjioma hutokana na mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ganglioni ya jenikulati. Hata ikiwa ndogo sana inaweza kupooza uso.

Nurofibroma huonekana zaidi kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi wa nurofibromatosi. Meninjioma hutoka kwenye utando wa ubongo, na paraganglioma ni uvimbe wenye damu nyingi ambao unaweza kuonekana kama kitu chekundu kinachodunda nyuma ya kiwambo cha sikio.

Saratani zinaweza pia kuifikia neva. Saratani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio huweza kupanda kwa kufuata neva hadi ndani ya fuvu. Saratani ya ngozi ya tundu la sikio au ya sikio la kati inaweza kujitokeza katika sikio lililotoka usaha kwa miaka mingi.

Baadhi ya watu huishi na uvimbe bila kujua. Mwaka 1972 watafiti Saito na Baxter walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya panja 600 iliyotolewa kwenye maiti. Walikuta shwanoma tano za neva ya uso ambazo hazikuwa zimetambuliwa.

## Ugonjwa sugu wa sikio

Ugonjwa sugu wa sikio la kati ni uambukizo wa muda mrefu ambapo kiwambo cha sikio kina tundu na usaha hutoka mara kwa mara. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2004 ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 65 na 330 duniani walikuwa na masikio yanayotoka usaha.

Aina yenye hatari zaidi ni kolesteatoma, yaani kifuko cha ngozi kinachokua mahali pasipostahili ndani ya sikio la kati. Kolesteatoma si saratani, lakini hula mifupa iliyo jirani. Inaweza kufungua mfereji wa Falloppio na kuibana neva, au kuruhusu uambukizo kuifikia. Kwa hiyo ni kweli kwamba ugonjwa wa sikio peke yake unaweza kupooza uso. Kosa hutokea pale ukweli huo unapochukuliwa kuwa jibu la kila mgonjwa bila kuthibitishwa.

## Jinsi ugonjwa mmoja unavyouficha mwingine

Kuna njia kadhaa ambazo ugonjwa wa sikio hufunika uvimbe.

Dalili zinafanana. Uvimbe unaosukuma vifupa vya kusikia hupunguza usikivu kwa namna ileile ya kiwambo kilichotoboka. Mgonjwa aliyezoea kutosikia vizuri upande mmoja hatambui kwamba hali imebadilika.

Uvimbe wenyewe unaweza kuleta ugonjwa wa sikio. Ukiziba njia za hewa kati ya sikio la kati na vyumba vya mastoidi, majimaji hukwama na uambukizo hufuata. Usaha unaoonekana basi si chanzo cha tatizo bali ni tokeo lake.

Uvimbe unafanana na nyama ya usaha. Katika sikio lenye uambukizo sugu mara nyingi huota polipu, yaani nyama laini nyekundu. Shwanoma iliyotokeza katika tundu la sikio inaweza kuonekana hivyohivyo. Daktari akiikata kama polipu anaweza kuikata neva yenyewe, na mgonjwa aliyeingia na uso mzima akatoka na uso uliopooza.

Picha hufunikwa. Katika kipimo cha CT, usaha, nyama ya uambukizo, kolesteatoma na uvimbe vyote huonekana kama kivuli kinachojaza sikio. Uvimbe mdogo hupotea ndani ya kivuli hicho.

Nafuu ya muda hupotosha. Antibiotiki hukausha usaha na dawa za steroidi hupunguza uvimbe wa uambukizo. Uso ukipata nafuu kidogo, mgonjwa na daktari huamini kwamba chanzo kimepatikana.

Zaidi ya hayo, neva huvumilia kubanwa polepole. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya nyuzi huwa zimeharibika kabla udhaifu wa uso haujaonekana kwa macho. Hivyo uso wenye mwendo wa kawaida hauthibitishi kwamba neva ni salama.

## Dalili za kutiliwa shaka

Kupooza uso kunakotokea ghafla bila chanzo kinachojulikana huitwa kupooza kwa Bell, kutokana na jina la daktari Mskoti Charles Bell (1774–1842). Hufikia kilele ndani ya siku tatu hivi, na wagonjwa wengi huanza kupata nafuu katika wiki chache. Uvimbe haufuati mwendo huo kwa kawaida. Dalili zifuatazo zinadai uchunguzi zaidi, hata kama sikio linatoka usaha:

* udhaifu wa uso unaoongezeka polepole kwa zaidi ya wiki tatu;
* uso usioonyesha nafuu yoyote baada ya miezi mitatu;
* kupooza kunakopona kisha kurudi upande uleule;
* kucheza kwa kope, shavu au mdomo kabla ya udhaifu au pamoja nao;
* udhaifu wa tawi moja tu, kwa mfano mdomo bila jicho;
* kutosikia, kizunguzungu au mvumo wa sikio usiolingana na hali ya kiwambo;
* uvimbe mbele ya sikio au chini yake;
* nyama ndani ya sikio iliyofunikwa na kiwambo kizima;
* maumivu makali ya kudumu au usaha wenye damu, ambavyo huelekeza kwenye saratani;
* uso unaobaki umepooza baada ya sikio kutibiwa na kukauka.

Kolesteatoma pia inaweza kupooza uso polepole, kwa hiyo mwendo wa ugonjwa peke yake hautoshi kutofautisha. Swali la msingi ni kama ugonjwa wa sikio unaoonekana unatosha kueleza udhaifu uliopo. Sikio lenye tundu dogo kavu, lisilo na kolesteatoma, halielezi uso unaopooza mwezi baada ya mwezi.

## Uchunguzi

### Maelezo na uchunguzi wa mwili

Hatua ya kwanza ni kupanga matukio kwa tarehe: usaha ulianza lini, usikivu ulipungua lini, uso ulibadilika lini na kwa kasi gani. Picha za zamani za mgonjwa, hata zile za simu au kitambulisho, husaidia kuonyesha udhaifu ulioanza kabla hajautambua.

Uso hupimwa kwa kumtaka mgonjwa akunje paji, afumbe macho, atabasamu na apulize mashavu. Katika kiharusi, paji kwa kawaida huendelea kukunjika. Neva ya uso ikiharibika, upande wote pamoja na paji hulegea. Kiwango cha udhaifu huandikwa kwa kipimo cha House na Brackmann cha mwaka 1985, chenye daraja sita: daraja la I ni uso wa kawaida na la VI ni uso uliopooza kabisa. Kuandika daraja kila mgonjwa anapofika ndiko kunakofichua udhaifu unaoongezeka.

Sikio husafishwa kwanza kisha hutazamwa, ikiwezekana kwa darubini, kwa kuwa usaha unaweza kufunika kiwambo chote. Tezi ya mate na shingo hupapaswa.

### Vipimo vya usikivu na umeme

Uma wa sauti hutofautisha kwa haraka kati ya kasoro ya kupitisha sauti na kasoro ya neva ya kusikia. Kipimo kamili cha usikivu huonyesha kiasi cha kasoro. Kupungua kwa usikivu wa neva kunaweza kumaanisha kwamba uvimbe umefika sikio la ndani. Vipimo vya umeme wa neva na misuli huonyesha ni nyuzi ngapi bado zinafanya kazi na kama misuli bado inaweza kupokea neva mpya.

### Picha

Vipimo vya CT na MRI hukamilishana.

CT ya mfupa wa panja, yenye vipande vya milimita moja au chini, huonyesha mifupa. Shwanoma hupanua mfereji wa Falloppio kwa kingo laini zilizo wazi. Hemanjioma huacha kingo zisizo sawa na chembechembe za mfupa ndani yake, mithili ya sega la asali. Kolesteatoma hula vifupa na kuta za sikio la kati. Kivuli kinachofuata njia ya neva, kikiingia na kutoka katika mfereji wake, hutiliwa shaka kuliko kile kinachojaza sikio bila mpangilio.

MRI huonyesha tishu laini. Baada ya dawa ya gadolini kuingizwa katika mshipa, shwanoma hung'aa. Kolesteatoma yenyewe haing'ai kwa dawa hiyo, ila ukingo wake, lakini hung'aa katika aina ya MRI inayopima mtawanyiko wa maji. Nyama ya uambukizo nayo hung'aa kwa gadolini, na hata neva yenye afya huweza kung'aa kidogo katika baadhi ya sehemu zake. Kwa hiyo mng'ao peke yake si ushahidi. Huangaliwa pia kama neva imenenepa na kama mng'ao unafuata njia yake. Picha inapaswa kuchukua njia nzima, kuanzia shina la ubongo hadi tezi ya mate, kwani uvimbe unaweza kuwa nje ya eneo la sikio.

### Kukata kipande

Katika aina nyingi za uvimbe, kipande hukatwa na kupimwa maabara kabla ya matibabu. Kwa uvimbe wa neva ya uso ndani ya sikio, jambo hilo ni la hatari kwa sababu nyuzi za neva zinaweza kuwa zimetandazwa juu ya uvimbe. Ndiyo maana nyama isiyo ya kawaida katika sikio hupigwa picha kabla ya kukatwa. Saratani ikishukiwa, kipande huhitajika, na huchukuliwa kwa uangalifu mahali palipo mbali na neva.

### Uvimbe unaogunduliwa kwenye operesheni

Wakati mwingine daktari anayefanya operesheni ya sikio sugu hukutana na uvimbe bila kutarajia. Nyama iliyo katika mstari wa neva hupimwa kwa kifaa cha kuamsha neva. Ikionekana kuwa ni sehemu ya neva na uso wa mgonjwa unafanya kazi, mara nyingi operesheni husimamishwa mahali hapo, mgonjwa hupigwa MRI, naye huelezwa hali yake kabla ya uamuzi wowote.

## Magonjwa yanayofanana nao

Kifua kikuu cha sikio hutoa usaha usio na maumivu, usiokoma kwa antibiotiki za kawaida, na kinaweza kupooza uso mapema. Uambukizo mkali wa mfupa wa sikio huwapata hasa wazee wenye kisukari, pamoja na maumivu makali ya usiku. Bakteria *Pseudomonas aeruginosa* ndiyo chanzo chake cha kawaida. Mkanda wa jeshi wa sikio huleta malengelenge, maumivu na kupooza kwa ghafla. VVU pia vinaweza kuambatana na kupooza uso, kwa hiyo kipimo chake hupendekezwa mahali ambapo maambukizi ni mengi.

## Matibabu

Uvimbe usio saratani hautolewi mara moja kila wakati. Uso ukiwa katika daraja la I au II, njia inayochaguliwa mara nyingi ni kufuatilia kwa MRI na vipimo vya usikivu, kwa sababu kuutoa uvimbe kwa kawaida humaanisha kukata neva. Mfereji unaweza kupanuliwa ili neva isibanwe, au uvimbe ukapigwa mionzi iliyolengwa.

Udhaifu ukifikia daraja la III au zaidi, au uvimbe ukitishia ubongo au sikio la ndani, operesheni ya kuutoa huzingatiwa. Pengo la neva huunganishwa kwa kipande cha neva ya hisia kutoka shingoni au mguuni. Mwendo huanza kurudi baada ya miezi, mara nyingi kati ya 6 na 12, na matokeo bora kwa kawaida ni daraja la III: jicho hufumbika kwa juhudi, lakini uso haurudi kama zamani. Misuli ikiwa imekosa neva kwa zaidi ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, matumaini ya njia hiyo hupungua sana.

Hemanjioma iliyotambuliwa mapema wakati mwingine hubanduliwa bila kukata neva. Saratani huhitaji operesheni kubwa, mara nyingi pamoja na mionzi.

Ugonjwa wa sikio hutibiwa pia. Kolesteatoma huondolewa kwa operesheni, na ikiwa ndiyo iliyopooza uso, operesheni hiyo haicheleweshwi. Wakati wote jicho lisilofumba hulindwa kwa machozi ya dawa mchana, marhamu na kufunikwa usiku, kwani kioo cha jicho kikikauka kinaweza kupata vidonda na kuleta upofu.

## Hali ya Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki sikio linalotoka usaha huwapata watoto wengi, na baadhi ya familia huliona kuwa jambo la utotoni litakaloisha lenyewe. Madaktari bingwa wa masikio, pua na koo pamoja na mashine za MRI hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Kwa sababu hiyo uamuzi wa maana zaidi hufanyika mara nyingi katika zahanati au kituo cha afya, ambapo mhudumu hana picha yoyote.

Hapo vipo vifaa visivyo na gharama: kumbukumbu ya tarehe, daraja la udhaifu wa uso lililoandikwa kila mgonjwa anaporudi, uma wa sauti na kutazama sikio lililosafishwa. Sikio linalotoka usaha pamoja na uso uliopooza ni sababu ya rufaa ya haraka, kwa kuwa hata kama hakuna uvimbe, huenda kolesteatoma inaila neva.

## Tazama pia

* Sikio
* Neva
* Kiharusi
* Saratani
* Kifua kikuu